Kutoka Begani hadi Garini: Historia ya Motokaa na Njia ya Tabora

Ndugu mtahiniwa, mada ya usafiri na uchukuzi wengi huiona nyepesi, na ndiyo maana huwapotezea alama. Ukiwauliza habari za motokaa, wanaanza Ujerumani mwaka 1886, wanamtaja Henry Ford, kisha wanaweka kalamu chini. Hayo si makosa, ila ni nusu ya jibu. Swali la historia linataka ueleze pia kifaa kile kilifikaje kwetu, kilimkuta nani akifanya kazi hiyo, na nani alifaidika au kuumia. Kwa hiyo katika sura hii tutasimama mahali pamoja, Igalula, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, na kuitazama historia ya gari kutoka hapo.

Igalula ni kituo cha reli ya kati, mashariki ya Tabora mjini. Maeneo ya jirani, kama Tura na Kigwa, yamo katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, kwa sababu msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Kazeh, yaani Tabora ya leo, ulipita huko. Katika nchi hii moja utakuta alama za vipindi vitatu vya uchukuzi: njia ya wapagazi, reli, na barabara ya lami.

Mpagazi

Kabla ya gari palikuwa na bega. Usiandike kwamba "kabla ya wakoloni hapakuwa na usafiri". Sentensi hiyo naikuta kila mwaka katika karatasi za majaribio, na kila mwaka naipiga mstari mwekundu. Palikuwa na usafiri uliopangika vizuri. Meno ya tembo yalishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda bara. Ilikuwemo pia biashara ya watumwa, na usiifiche katika jibu lako. Lakini elewa kwamba wapagazi wengi wa njia hii, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Kwa kijana wa Kinyamwezi kwenda pwani na kurudi kulikuwa heshima, na kulimpatia mali ya kuanzia maisha.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee, juu ya mtu mmoja. Msafara uliongozwa na kirangozi. Ujira na chakula vililipwa aghalabu kwa nguo, hasa ile iliyoitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Watawala waliopitiwa na misafara walitoza ushuru ulioitwa hongo. Neno hilo unalijua leo kwa maana nyingine kabisa, nawe ukipata nafasi lieleze katika jibu lako.

Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kazeh mwezi Novemba. Stanley, aliyekuwa na haraka ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alitumia karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo.

Sasa jiulize: kwa nini watu walibeba vichwani na mabegani, ilhali gurudumu lilikuwapo duniani kwa maelfu ya miaka? Jibu fupi ni ndorobo. Mdudu huyu aliua ng'ombe, farasi na punda waliopitishwa katika misitu ya miombo. Watu walijaribu. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitaka kwenda Ziwa Tanganyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa wengi na wamisionari wakarudi kwa wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne waliofunzwa, wakaletwa kwa meli kutoka India na kuteremshwa karibu na Dar es Salaam. Walianza kufa njiani na mpango ukaachwa. Basi mpagazi hakuwapo kwa sababu watu wa huku "hawakujua" gurudumu. Alikuwapo kwa sababu ndiye pekee ambaye ndorobo hakumshinda njiani.

Mashine ya kujiendesha

Wakati misafara hiyo inapita Kigwa, Ulaya walikuwa wakihangaika na swali jingine: namna ya kupata gari lisilovutwa na mnyama. Mfaransa Cugnot alitengeneza gari la mvuke mwaka 1769 kwa ajili ya kuvuta mizinga. Lilikuwa zito na la polepole, kasi ya mtu anayetembea. Mvuke ulifaa zaidi kwenye reli na melini, kwa sababu tangi la maji, makaa na tanuru ni mzigo mkubwa kwa gari dogo.

Ufumbuzi ulikuwa kuchoma mafuta ndani ya silinda yenyewe. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifanikiwa kutengeneza injini ya mipigo minne. Jifunze mipigo hiyo, maana ndiyo inayofanya kazi mpaka leo katika pikipiki ya bodaboda unayoipanda. Kwanza pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pili inapanda na kuubana mchanganyiko huo. Tatu plagi inatoa cheche, mchanganyiko unalipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hapa ndipo kazi inapopatikana. Nne pistoni inapanda tena na kutoa moshi kupitia ekzosi. Injini ya dizeli, aliyoibuni Rudolf Diesel katika miaka ya 1890, haina plagi ya cheche: hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, na mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe. Inakula mafuta kidogo na inavuta mzigo mzito, ndiyo sababu malori mengi yanatumia dizeli.

Tarehe 29 Januari 1886 Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la petroli lenye magurudumu matatu. Nguvu yake haikufika farasi mmoja. Watu walilitazama kama kichekesho. Aliyelionesha dunia kuwa linafaa ni mkewe, Bertha Benz. Mwezi Agosti 1888 alilichukua gari bila kumwaga mumewe, akapakia wanawe wawili, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilometa 100 na zaidi. Mafuta yalipopungua alinunua duka la dawa, kwa kuwa kituo cha mafuta hakikuwapo popote duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika alimwomba fundi viatu azigongee ngozi. Mimi humhesabu Bertha kuwa dereva wa kwanza wa masafa marefu, na fundi wa kwanza wa barabarani pia. Waandishi wengi wa vitabu vya shule wanamsahau.

Ford naye alifanya nini? Angalia hapa, maana ni mtego wa mitihani: Henry Ford hakubuni motokaa. Alibuni namna ya kuiuza kwa watu wengi. Gari lake, Model T, lilitoka mwaka 1908 kwa bei ya dola 850. Mwaka 1913 kiwanda chake kilianza kuunda magari kwenye mstari unaotembea: mfanyakazi anasimama mahali pamoja, gari ndilo linalomfuata. Kuunganisha fremu ya gari moja kulikochukua saa 12 kukashuka hadi saa moja na nusu hivi. Bei nayo ilishuka chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Kufikia mwaka 1927 Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetengenezwa.

Mpira wa nani?

Gari linahitaji tairi. Mwaka 1888 John Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alibuni tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mwanawe. Baiskeli, kisha motokaa, zikaipandisha mno bei ya mpira duniani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika palikuwa na Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold yuleyule wa tembo. Huko wanavijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema mpira. Kijiji kisichofikisha kiasi kiliadhibiwa kwa mijeledi, kuchukuliwa mateka wanawake wake, kukatwa watu mikono, hata kuuawa. Kelele za dunia zilisababisha Leopold kunyang'anywa Kongo mwaka 1908 na kukabidhiwa serikali ya Ubelgiji. Mwaka huo ndio Model T ilipotoka. Ukiandika tarehe hizo mbili katika aya moja, mtahini ataona kwamba unafikiri.

Kwetu, chini ya Wajerumani, walowezi walipanda mpira pia, lakini mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei nafuu.

Gari linaingia Tanganyika

Mwezi Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akiwa na nia ya kuvuka Afrika hadi pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, mwezi Mei 1909. Karibu miaka miwili! Hapakuwa na barabara wala daraja la kubeba gari, na kifaa kikivunjika kilingojewa kutoka Ulaya. Petroli nayo ilibidi itangulizwe na kuwekwa akiba njiani, ikibebwa na wapagazi. Elewa maana yake: gari la kwanza kuvuka bara hili lilitembea kwa msaada wa bega lilelile lililodhaniwa limepitwa na wakati.

Kilichomwondoa mpagazi katika njia ya Tabora hakikuwa motokaa bali reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa safari ya siku chache. Vijana wa Kinyamwezi waliozoea kutoka nyumbani kutafuta ujira sasa walichimba tuta na kulaza mataruma, au walikwenda mashamba ya mkonge. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890, iliwafanya wengi wasiwe na hiari katika jambo hilo. Hapo ndipo utofautishe: mpagazi wa mwaka 1870 alipatana bei, kibarua wa mwaka 1910 alikuwa anatafuta fedha ya kodi.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamrudisha mpagazi kwa sura mbaya kuliko zote. Majeshi yalikuwa na malori, lakini masika yaliyazamisha kwenye matope, na ndorobo waliwaua wanyama kama walivyowaua wale wa mwaka 1877. Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Kongo ya Kibelgiji mwezi Septemba 1916. Pande zote zilichukua watu vijijini kwa nguvu kubeba risasi na chakula. Upande wa Waingereza pekee, makadirio yanataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi wao kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Jina la Kariakoo, soko la Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza, kwa kuwa mahali hapo palikuwa kambi yao. Watu wananunua khanga na simu pale kila siku, na wachache wanajua wamesimama wapi.

Reli dhidi ya lori

Baada ya vita Waingereza waliitawala Tanganyika, na malori yakaanza kuonekana mijini na mashambani. Hapa wanafunzi wengi hudhani kwamba kifaa bora kikifika, kinaenea chenyewe. Sivyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewekeza fedha nyingi katika reli. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mdororo wa uchumi ulipoanza, katika miaka ya 1930, serikali iliwekea vikwazo malori yaliyobeba mizigo sambamba na reli ili yasiinyang'anye mapato. Kwa hiyo sehemu kama Igalula, zilizo kwenye reli, zilihudumiwa na treni mapema, lakini barabara nzuri zilichelewa sana. Hiyo si sababu pekee. Mvua, umbali na umaskini wa serikali vilichangia, ila ni sababu ambayo watahiniwa karibu wote huiacha.

Mfano mwingine uko magharibi ya Tabora. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo, mji wenye jina linalotokana na Mtemi Mirambo. Waliamini matrekta yangefyeka pori kwa haraka. Mitambo mingi ilikuwa mabaki ya vita, vipuri havikupatikana, madereva na mafundi walikuwa hawajafunzwa, na ardhi, hasa ya Kongwa, ikikauka huwa ngumu kama saruji. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku. Tumia mfano huu ukiulizwa kuhusu mipaka ya teknolojia. Ni bora kuliko kuandika "teknolojia ina faida na hasara", sentensi isiyopata alama yoyote.

Baada ya uhuru

Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, na tena 1979, kuliiumiza Tanzania kwa sababu kila lita ililipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa kipindi fulani serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Katika hali hiyo lilikuja wazo la kutengeneza magari yetu wenyewe. Jeshi lilianzisha Nyumbu, Kibaha mkoani Pwani, na lori likaundwa huko. Kenya nayo ilionesha gari la Nyayo Pioneer mwaka 1990. Uganda, kupitia Chuo Kikuu cha Makerere, ilionesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Ufundi ulipatikana. Kilichokosekana ni mtaji wa kuzalisha kwa wingi na soko la kutosha. Linganisha na Ford utaona tofauti ilipo.

Gari la umeme, kwa njia, si jambo jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari hayo yalikuwa ya kawaida katika miji ya Marekani, yakashindwa kwa uzito wa betri, umbali mfupi, na kwa kuwa petroli ikawa rahisi.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi. Yalitufaa kwa sababu Wajapani nao huendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia. Lakini chombo kilichobadilisha kijiji kuliko vyote ni pikipiki. Bodaboda ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, wakati huo ikiwa baiskeli. Sasa ni pikipiki inayompeleka mgonjwa zahanati na gunia la mahindi kituoni. Inapita penye njia ya mguu, kama mpagazi alivyopita. Ajali zake pia unazijua, huhitaji mimi nikuhesabie.

Barabara ya lami kutoka Itigi hadi Tabora nayo imekamilika. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilometa 85 hivi, kilizinduliwa mwaka 2022. Basi linavuka sasa kwa saa chache nchi ileile iliyovukwa na misafara kwa wiki kadhaa.

Namna ya kujibu

Chukua swali hili: "Kwa nini uchukuzi wa wapagazi uliendelea Tanganyika hata baada ya motokaa kubuniwa mwaka 1886?" Mtahiniwa dhaifu ataandika: "Kwa sababu Waafrika walikuwa hawajaendelea." Hilo si jibu, ni tusi, na mara nyingi mwandishi wake ni mjukuu wa mpagazi. Mtahiniwa mzuri ataanza na sababu, kisha ushahidi: hapakuwa na barabara wala vituo vya mafuta, mfano safari ya Graetz, gari lilikuwa ghali hadi Ford aliposhusha bei, matope ya masika yaliyashinda malori katika vita, nguvukazi ya kulazimishwa ilikuwa rahisi kwa mkoloni kuliko kununua na kutunza mashine. Hoja nne zenye mfano zinatosha kuliko hoja nane tupu. Usisahau utangulizi mfupi na hitimisho la sentensi mbili tatu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza mipigo minne ya injini ya petroli, kisha utaje tofauti moja kati yake na injini ya dizeli.
2. "Reli, si motokaa, ndiyo iliyomwondoa mpagazi katika njia ya Tabora." Jadili kwa hoja nne.
3. Onesha uhusiano kati ya kukua kwa biashara ya baiskeli na motokaa na mateso ya watu wa Kongo kabla ya mwaka 1908.
4. Kwa nini mpango wa karanga ulishindwa ilhali ulikuwa na mitambo mingi?
5. Zungumza na mzee mmoja wa kijijini kwako. Muulize gari la kwanza aliloliona lilikuwa la nani, lilibeba nini, na kabla ya hapo mzigo huo ulibebwaje. Andika majibu yake katika ukurasa mmoja, ukitenganisha aliyoyaona mwenyewe na aliyosimuliwa.